Kosa la Hatua ya Kwanza: Wanafunzi Wanavyojifunza Kuunda Meno Bandia

Katika masomo ya udaktari wa meno, lipo moja ambalo mwanafunzi hawezi kujua siku ileile kama kazi yake imekuwa njema au mbovu. Somo hilo ni prosthodontia, yaani tawi linaloshughulika na kurudisha meno yaliyopotea na sehemu za kinywa zilizoharibika, kwa kutumia meno bandia ya kuvaa na kuvua, mataji yanayofunika jino lililobaki, madaraja yanayoshikiliwa na meno ya jirani, na siku hizi vipandikizi vinavyozamishwa ndani ya mfupa wa taya. Mwanafunzi anayeng'oa jino huliona mkononi mwake baada ya dakika chache na kujua kama mzizi umetoka mzima, na anayeziba tundu hupitisha kifaa juu ya ujazo na kuhisi kama umekaa sawa; lakini anayeunda seti kamili ya meno bandia hupita katika hatua nyingi zinazoenea kwa wiki kadhaa, na kosa alilolifanya katika hatua ya kwanza hufichama ndani ya hatua zinazofuata, likibebwa kutoka kwenye kipimo hadi kwenye jasi, kutoka kwenye jasi hadi kwenye nta, na kutoka kwenye nta hadi kwenye akriliki ngumu, mpaka siku mgonjwa anapoyavaa meno yale na kusema kwamba yanamchoma au yanaanguka anapofungua kinywa. Wanafunzi wengi huliogopa somo hili kwa sababu hiyo, na ni sababu hiyohiyo inayolipa thamani ambayo masomo mengine hayawezi kuitoa kwa kiwango kilekile.

Mafunzo ya udaktari wa meno katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki hayana umri mrefu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974, na mafunzo kama hayo yalianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1979, katika taasisi ambayo tangu 2007 inaitwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Shahada huchukua miaka 5, na baada yake mhitimu hufanya kazi kwa mwaka mmoja chini ya usimamizi kabla ya kuruhusiwa kujitegemea. Miaka ya mwanzo huwa ya sayansi za mwili wa binadamu kwa jumla, na mwanafunzi hukutana na prosthodontia kwanza ndani ya maabara, mbele ya kichwa bandia, yaani sanamu ya kichwa yenye taya zinazofunguka na kufungika na meno ya plastiki yaliyofungwa kwa skrubu, ambayo inatajwa kuwa ilibuniwa na Oswald Fergus mwaka 1894 ili wanafunzi wasianze kujifunza kukata meno juu ya watu walio hai.

Kichwa bandia ni mwalimu mwema lakini asiyekamilika. Hakina mate, hakina ulimi unaosukuma, hakichoki, wala hakiogopi, na meno yake ya plastiki hukatika kwa wepesi tofauti kabisa na ule wa jino halisi, ambalo tabaka lake la juu ndicho kitu kigumu kuliko vyote vilivyomo katika mwili wa binadamu. Juu ya kichwa hicho mwanafunzi hujifunza, kwa mfano, kulichonga jino ili lipokee taji, kazi inayotaka kuta za jino zielekeane kwa mwinamo mdogo sana, ambao vitabu vingi vimeuweka karibu na nyuzi 6 kwa jumla ya kuta mbili zinazotazamana. Mwinamo ukizidi, taji hukosa mshiko na huweza kung'oka mgonjwa anapotafuna kitu kinachonata. Ukikosekana kabisa, taji halitaingia. Jicho la binadamu haliwezi kuusoma mwinamo huo kwa urahisi ndani ya kinywa chenye giza kinachotazamwa kupitia kioo kidogo, na katika nchi nyingi ambako kazi za wanafunzi zimepimwa imeonekana kwamba wengi huchonga kuta zilizolala kupita kipimo hicho, hata wale wanaoweza kukitaja bila kusita katika mtihani wa maandishi. Hapo ndipo mwanafunzi aliyezoea kufaulu kwa kusoma anapotambua kwamba kulijua jambo na kuliweza ni vitu viwili, na kwamba umbali uliopo baina yake haupunguzwi na kitabu kingine bali na jino lingine la plastiki, na lingine tena.

Kazi nyingine ya maabara ni kupanga meno katika nta. Mwanafunzi hupewa meno bandia 28, yaani 14 ya juu na 14 ya chini, kwa kuwa magego ya mwisho huachwa, naye huyasimamisha moja moja katika ukuta wa nta uliojengwa juu ya sanamu ya taya, akihakikisha kwamba yanapokutana yanagusana mahali panapotakiwa na kwamba taya likienda kulia au kushoto hakuna jino linaloinua seti nzima. Sanamu mbili za taya hushikiliwa na kifaa chenye bawaba kinachoiga mwendo wa taya la binadamu, ambacho huitwa atikuleta. Kazi hii huonekana ya kitoto kwa anayeitazama kwa mbali, lakini gego moja likisogezwa kidogo hubadilisha mgusano wa meno yaliyo upande wa pili wa taya, na nta iliyopashwa moto kwa ajili ya jino moja huyalegeza majirani zake wakati inapopoa na kujikunja, kiasi kwamba mwanafunzi hujikuta akirekebisha asubuhi kile alichokiacha kikiwa sawa jioni. Katika miji yenye joto kama Dar es Salaam na Mombasa nta huwa laini zaidi, na kazi iliyoachwa karibu na dirisha linalopigwa na jua, au ndani ya gari lililofungwa, huweza kuharibika bila kuguswa na mtu.

Baada ya maabara huja mgonjwa, na mara nyingi mgonjwa wa kwanza wa seti kamili ni mzee asiye na jino hata moja, ambaye kwa lugha ya kawaida huitwa kibogoyo, ingawa neno hilo halifai kutamkwa mbele yake. Mwanafunzi humwita mzee, au bibi, au mama, humwamkia inavyostahili, kisha hutakiwa kuingiza vidole katika kinywa cha mtu aliye na umri wa babu yake na kumwelekeza namna ya kushusha ulimi. Adabu na tiba hukutana hapa kwa namna ambayo vitabu vilivyoandikwa mbali havikuifikiria, kwa kuwa mwanafunzi aliyelelewa kutomkatisha mkubwa maneno analazimika kumwomba anyamaze kwa dakika tatu huku trei ya kuchukulia kipimo imejaa kinywani mwake, naye mzee kwa upande wake huweza kuuficha uchungu anaousikia kwa kuona haya kumlalamikia kijana anayejifunza. Mwanafunzi asiyejua kuuliza kwa namna mbalimbali atalichukua jibu la kwanza kuwa ndilo la kweli, ataandika kwamba mgonjwa hana malalamiko, na atakuwa amelipoteza shauri lenye thamani kuliko yote aliyoweza kuyapata siku hiyo.

Kinywa kisicho na meno si kinywa kilekile kilichokuwa na meno. Mfupa uliokuwa ukiishika mizizi hauna tena kazi, hivyo huendelea kuyeyuka na kupungua kwa miaka mingi, na uchunguzi mashuhuri wa Antje Tallgren uliochapishwa mwaka 1972, uliowafuatilia watu wanaovaa seti kamili kwa muda uliofikia miaka 25, ulionyesha kwamba taya la chini lilipoteza kimo mara nne hivi kuliko taya la juu. Kwa mwanafunzi, maana ya jambo hilo ni kwamba seti ya juu, inayofunika kaakaa lote na kushikwa na utando mwembamba wa mate na mkandamizo wa hewa, mara nyingi hukaa vizuri, ilhali seti ya chini, yenye umbo la kiatu cha farasi na eneo dogo la kukalia, huelea juu ya ukingo uliokonda huku ikisukumwa na ulimi kwa ndani na mashavu kwa nje. Mwanafunzi asipoelezwa mapema kwamba sehemu ya ugumu huo inatokana na maumbile yenyewe, hujilaumu kwa kila seti ya chini inayocheza. Na akielezwa kupita kiasi, huanza kuusingizia mfupa kwa makosa yaliyo yake.

Kipimo cha kwanza huchukuliwa kwa aljineti, unga unaotokana na mwani wa rangi ya kahawia, ambao ukichanganywa na maji huwa uji mzito na baada ya dakika chache hugeuka kuwa kitu kinachonepa kama mpira na chenye umbo la taya. Maji yakiwa ya uvuguvugu, uji huo hukaza mapema, na mwanafunzi wa pwani anayetumia maji ya bomba wakati wa kiangazi huweza kukuta umekwisha kukaza ndani ya bakuli kabla hajaujaza kwenye trei, ndiyo maana walimu husisitiza maji ya baridi. Kipimo kikishatoka kinywani lazima kimwagiwe jasi upesi, kwa kuwa aljineti hupoteza maji na kusinyaa, na sanamu itakayotoka katika kipimo kilichosinyaa itaonekana safi na nzuri, ila haitakuwa ya mgonjwa yule. Hakuna mtu atakayeliona kosa hilo kwa macho, na mwanafunzi aliyekwenda kula chakula cha mchana kabla ya kumwaga jasi ndiye pekee anayelijua.

Juu ya sanamu ya kwanza hutengenezwa trei maalumu ya mgonjwa mwenyewe, na kingo zake hujengwa kwa udongo maalumu unaolainika kwa moto, huku mgonjwa akivutwa mashavu, akitakiwa kutoa ulimi nje na kubetua midomo, ili udongo upokee alama ya misuli inapofanya kazi. Hatua hii huwasumbua wanafunzi kuliko nyingi nyingine, kwa sababu haina namba ya kukariri. Ukingo mrefu kupita kiasi utakata ufizi, na mfupi utaingiza hewa na kuiangusha seti, na kipimo cha urefu unaofaa kimo katika mguso wa vidole na katika kutazama kwa makini jinsi shavu linavyorudi mahali pake. Kisha huja kipimo cha mwisho, ambacho katika shule nyingi huchukuliwa kwa rojo la zinki oksaidi lililochanganywa na eujenoli. Msomaji wa Unguja au Pemba angeitambua harufu ya rojo hilo mara moja, kwa kuwa eujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, zao lililovilisha visiwa hivyo kwa zaidi ya karne moja na ambalo mafuta yake watu wamekuwa wakiyaweka katika jino linalouma tangu zamani.

Hata hivyo, ukiwauliza wanafunzi ni wapi hasa wanapopotea, wengi wataitaja hatua ya kutafuta uhusiano wa taya mbili. Mtu mwenye meno hufunga kinywa na meno yenyewe huyaambia mataya pa kusimama; asiye na meno hana kituo, na taya lake la chini huweza kusonga mbele, kwenda pembeni, au kupanda juu sana hadi kidevu kikaribie pua. Mwanafunzi huweka kuta mbili za nta kinywani na kutakiwa kuamua mambo mawili kwa pamoja, yaani taya la chini lirudi nyuma kiasi gani, na mataya yaachane kwa kimo gani. Kwa kimo, kanuni inayofundishwa ni kwamba mtu anapopumzika bila kuuma chochote, meno ya juu na ya chini huacha nafasi ya milimita 2 hadi 4 baina yake. Meno yakiwekwa juu kupita kiasi, nafasi hiyo hupotea, mgonjwa huchoka misuli, na meno hugongana kwa sauti anapozungumza. Yakiwekwa chini mno, uso huporomoka, pembe za midomo hukunjika, na mtu huonekana mzee kuliko umri wake. Milimita mbili zinatenganisha kazi njema na kazi mbovu, na zinapimwa juu ya ngozi ya kidevu inayocheza, kwa mgonjwa ambaye kila akiambiwa alegeze misuli ndivyo anavyozidi kuikaza.

Sauti za usemi humsaidia mwanafunzi mahali ambapo rula inashindwa. Midomo inapotamka M, mataya huwa karibu na mapumziko. Ncha za meno ya juu ya mbele hugusa mdomo wa chini katika F na V. Na katika S meno ya juu na ya chini hukaribiana kuliko wakati mwingine wowote wa kusema bila kugusana. Vitabu vinavyotumika vyuoni vimeandikwa kwa Kiingereza na hutoa maneno ya Kiingereza ya kumtamkisha mgonjwa, lakini bibi wa Bagamoyo hana sababu ya kujaribiwa kwa maneno asiyoyazoea, kwa kuwa atayatamka kwa uangalifu usio wa kawaida na kipimo kitakuwa cha uongo. Akiambiwa ahesabu kutoka moja hadi kumi, zile sita na saba zitatoa S ya kutosha, moja na mbili zitamlegeza, na akisimulia habari za safari yake ya asubuhi kwenye daladala, mwanafunzi anayesikiliza vizuri atapata sauti zote anazozihitaji bila mgonjwa kujua kwamba anapimwa. Jambo hili linastahili kufundishwa waziwazi darasani, badala ya kuachwa kwa kila mwanafunzi aligundue peke yake.

Siku ya kujaribu meno yakiwa bado ndani ya nta ndiyo siku mgonjwa anapopewa kioo, na kwa wanafunzi wengi ndiyo mara ya kwanza kazi yao kuhukumiwa na mtu asiye mwalimu. Hapo huibuka mambo ya urembo ambayo hayamo katika jedwali la rangi. Kuna mgonjwa anayetaka meno meupe kama ya kijana wa miaka ishirini. Kuna mwanamke anayeomba arudishiwe mwanya aliokuwa nao kati ya meno mawili ya mbele, ambao katika jamii nyingi za Afrika Mashariki huhesabiwa kuwa sehemu ya uzuri. Na katika maeneo ya Arusha na Kilimanjaro, ambako maji ya baadhi ya sehemu yana floridi nyingi inayoyafanya meno yanayokua yapate madoa ya kahawia, kuna mgonjwa wa meno machache bandia ambaye meno yake yaliyobaki hayafanani na rangi yoyote iliyotengenezwa kiwandani. Mwanafunzi aliyejifunza kwamba meno mazuri ni yaliyopangwa bila nafasi analazimika kuuweka pembeni ufundi huo wa kitabu na kuacha mwanya kwa makusudi, na anapoona uso wa mgonjwa ukitulia mbele ya kioo huanza kuelewa kwamba anayerudishiwa meno anarudishiwa pia sura anayojua kuwa ni yake. Daktari wa Marekani M. M. House aliwahi kuwagawa wagonjwa kwa tabia, kuanzia wenye utulivu hadi wale wasioridhika na chochote, na mgawanyo wake bado unafundishwa. Lakini mgonjwa anayeitwa msumbufu mara nyingi ni mtu ambaye hakuulizwa anataka nini mapema, na lawama hiyo ni ya anayeuliza.

Nta ikikubaliwa, kazi hurudi maabara kugeuzwa akriliki, aina ya plastiki iliyoingia katika udaktari wa meno miaka ya 1930 na kuondoa mpira mgumu uliotumika kabla yake. Na nyuma zaidi, katika karne ya 18, meno bandia ya matajiri wa Ulaya na Marekani yalichongwa katika meno ya kiboko, yakiwemo yale aliyovaa George Washington alipokuwa rais. Sanamu iliyo na meno katika nta huzikwa ndani ya jasi katika chupa ya shaba ya vipande viwili, nta huyeyushwa kwa maji ya moto, na nafasi iliyobaki hujazwa unga na kimiminika vilivyochanganywa, kwa kawaida sehemu tatu za unga kwa moja ya kimiminika kwa ujazo, kisha vyote hupikwa ndani ya maji kwa saa nyingi, njia moja ikiwa ni nyuzi 74 za Selsiasi kwa saa 8. Haraka haina nafasi hapa, kwa kuwa kimiminika hicho huchemka kwenye nyuzi 100 hivi, na moto ukipandishwa upesi kabla hakijageuka kuwa plastiki, hutoa mapovu yanayobaki ndani ya seti kama matundu madogo, na seti ya namna hiyo huvunjika na kushika uchafu.

Katika nchi nyingi kazi hizi za maabara zimepunguzwa katika mitaala, kwa hoja kwamba daktari aliyehitimu atampelekea kazi fundi sanifu wa maabara ya meno na hatazifanya mwenyewe. Hoja hiyo ina ukweli, na muda wa mwanafunzi hauna budi kugawanywa. Hata hivyo, mwanafunzi anayepaswa kuizika, kuipika na kuing'arisha seti yake mwenyewe walau mara moja hupata kitu ambacho maelezo hayawezi kumpa, yaani huliona kosa lake likifika. Akifungua chupa na kukuta ukingo mnene pale alipokuwa mzembe na udongo, huijua njia nzima iliyoufikisha pale. Asiyewahi kufanya hivyo hupokea seti kutoka kwa fundi na, ikikataa kukaa kinywani, humlaumu fundi, huku fundi akiwa amefuata kwa uaminifu kipimo kibovu alicholetewa. Mivutano ya namna hii kati ya kliniki na maabara ni ya kawaida mno, na sehemu yake ingekwisha kama kila daktari angekumbuka harufu ya nta iliyoungua.

Kumkabidhi mgonjwa meno ndiyo sherehe, ila mafunzo yenyewe yamo katika ziara zinazofuata. Vitabu huagiza mgonjwa aonekane tena baada ya saa 24 na baada ya wiki moja, kwa sababu ni nadra seti mpya kukosa mahali inapochuna. Mgonjwa hurudi akiwa na kidonda, na mwanafunzi hulazimika kusoma kazi yake kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Kidonda kilicho pembeni mwa ufizi humwambia kwamba ukingo ni mrefu. Uchungu ulioenea juu ya ukingo wote wa taya humtia shaka kuhusu kimo. Seti inayoanguka mgonjwa anapopiga miayo humrudisha kwenye kingo za trei. Nguvu ya kuuma kwa seti kamili hufikia sehemu ndogo tu ya ile ya meno ya asili, hivyo mzee aliyetarajia kutafuna muhindi wa kuchoma na nyama ya mbuzi anahitaji kuelezwa, bila kuvunjwa moyo, kwamba ataanza na ugali laini, ndizi na samaki, kwamba atafune pande zote mbili kwa wakati mmoja, na kwamba ulimi utachukua wiki kadhaa kuuzoea ugeni uliomo kinywani. Asipoambiwa, atayafunga meno hayo katika kitambaa na kuyaweka kabatini, na shule itaendelea kuihesabu kazi hiyo kuwa imekamilika.

Hapa ndipo mfumo wa kuhesabu kazi unapostahili kutazamwa kwa jicho kali. Shule nyingi za udaktari wa meno duniani humtaka mwanafunzi akamilishe idadi fulani ya kazi kabla ya kuruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho, na kila hatua hutiwa sahihi na msimamizi. Idadi hiyo inalinda kiwango, kwa kuwa hakuna anayeweza kuhitimu bila kugusa kazi. Lakini katika Afrika Mashariki watu wasio na jino hata moja si wengi kama walivyo katika nchi za Ulaya zenye wazee wengi, na waliopo mara nyingi wanaishi mbali na chuo, wanategemea nauli ya watoto wao, na hawaoni sababu ya kuja mjini mara saba au nane kwa ajili ya seti moja. Mwanafunzi huanza kutafuta wagonjwa kwa jamaa, kwa majirani, msikitini na kanisani, na si ajabu akitoa nauli mfukoni mwake ili mzee asikose ziara, jambo ambalo wanafunzi wa vyuo vingi hulizungumza kwa uwazi. Anayetishwa na tarehe ya mtihani hujikuta akiitazama siku ya kukabidhi kama mwisho wa safari, kwa kuwa ndiyo inayotiwa sahihi. Ingekuwa haki zaidi, kwa mgonjwa na kwa mwanafunzi, kama alama zingeongezwa kwa ziara za baada ya kukabidhi, na kama nauli ya wagonjwa wa mafunzo ingehesabiwa kuwa sehemu ya gharama za kufundisha, sawa na aljineti na jasi.

Teknolojia inabadilisha baadhi ya mambo haya. Vipimo huweza kuchukuliwa kwa kamera ndogo inayoingizwa kinywani, na meno kuchongwa au kuchapishwa na mashine inayoongozwa na kompyuta. Vipandikizi vya titani, ambavyo Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alianza kuwawekea wagonjwa mwaka 1965, vimefanya seti ya chini iliyokuwa ikielea iweze kushikwa imara, na mkutano wa wataalamu uliofanyika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2002, ulipendekeza kwamba seti ya chini inayoshikwa na vipandikizi viwili ndiyo iwe chaguo la kwanza. Kwa wagonjwa wengi wa hospitali za umma wa eneo hili pendekezo hilo bado ni ndoto kwa sababu ya gharama, na akriliki ya kuvaa na kuvua ndiyo inayoendelea kutolewa kwao.

Sehemu ya somo ambayo haionekani katika maabara wala katika orodha ya kazi zinazotiwa sahihi ni ile ya kujua ni lini pengo lisijazwe. Mwaka 1981 Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, alieleza kwamba watu waliopoteza magego ya nyuma lakini waliobakiza meno ya mbele na magego madogo yanayokutana, wanaweza kuishi vizuri bila kuongezewa kitu. Wazo hilo lilipimwa Tanzania yenyewe katika tafiti zilizoongozwa na Paulo Sarita, kwa ushirikiano na wataalamu wa Nijmegen, na kuchapishwa mwaka 2003, ambazo zilionyesha kwamba uwezo wa kutafuna huwa wa kutosha maadamu magego madogo yamebaki yote na walau jozi moja ya magego makubwa inakutana, na kwamba malalamiko makubwa huwapata wale waliobakiwa na jozi chache sana. Ni jambo la kutia moyo kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam kujua kwamba ushahidi anaousoma ulitoka katika vinywa vya watu wa nchi yake, wanaokula vyakula anavyovijua.

Umuhimu wa maarifa hayo huonekana pale mhitimu anapopangiwa hospitali ya wilaya isiyo na maabara ya meno, ambako wagonjwa hufika jino likiwa limeshaoza kiasi cha kuwakosesha usingizi na huomba ling'olewe, na wengine huomba ang'oe na la jirani yake ili wasirudi tena. Daktari huyo huenda asichukue kipimo cha aljineti kwa miezi mingi. Lakini akikumbuka jinsi seti ya chini ilivyomtesa juu ya ukingo uliokonda, na jinsi jozi moja ya magego makubwa inavyotosha kutenganisha mtu anayetafuna na mtu asiyetafuna, atalitazama lile jino la jirani mara ya pili, atapima kama linazibika, na atamweleza mgonjwa kwa nini anaomba kuliacha.